Sonona Ipimwe Pale Mgonjwa Anaporudi

Mwaka 2009 Profesa David Ndetei na wenzake wa Nairobi walichapisha utafiti ambao kila mwenye dhamana ya afya Afrika Mashariki anapaswa kuusoma. Waliwahoji wagonjwa 2,770 katika hospitali na vituo vya afya vya ngazi mbalimbali nchini Kenya. Hawa walikuwa watu waliokwenda kutafuta tiba ya maradhi ya kawaida. Walipoulizwa kuhusu hali zao za moyo na akili, asilimia 42 walionekana kuwa na dalili za sonona, wengine za kiasi, wengine kali. Kisha watafiti wakatazama mafaili. Wagonjwa 114 tu, yaani asilimia 4.1, ndio waliokuwa wameandikiwa tatizo lolote la akili.

Pengo hilo ni la siku nyingi, wala si la Kenya peke yake. Mwaka 1980 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika huduma za afya ya msingi huko Colombia, India, Ufilipino na Sudan. Kati ya wagonjwa 1,624, takriban asilimia 14 walikuwa na tatizo la akili, na wahudumu waliwatambua theluthi moja tu. Wengi wa wagonjwa hao hawakuja wakisema wana huzuni. Walisema kichwa kinauma, tumbo linasokota, wanakohoa, mwili hauna nguvu. Aliyewahi kutibia watu katika zahanati anaijua orodha hiyo vizuri. Mama anakuja kwa mara ya nne na kichwa kile kile, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, anaandikiwa dawa ya maumivu na kuambiwa apumzike. Wiki mbili baadaye yupo tena kwenye foleni.

Basi mtu akisema tuwapime watu wazima wote wanaoingia katika vituo vyetu, wazo lake lina mvuto mkubwa. Nyenzo zipo, ni fupi na hazilipiwi. Dodoso la PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, kujisikia mnyonge, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona hufai, kushindwa kutuliza mawazo, kuzubaa au kuhangaika, na fikra za kufa au kujidhuru. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ikifika 10 mhudumu anapaswa kusimama na kufikiri. Ndugu yake, GAD-7 ya mwaka 2006, hupima wasiwasi uliopitiliza. Yote mawili yanatumika kwa Kiswahili. Mwaka 2008 Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya dodoso lao la vipengele 19 lililojengwa Dar es Salaam kwa namna watu wa hapa wanavyoyaeleza mateso yao.

Kwa hiyo hatukosi maswali. Tunachokosa ni kitu kinachofuata baada ya maswali, na hoja yangu inasimama hapo. Upimaji wa sonona na wasiwasi una thamani pale tu mgonjwa anapokuwa na miadi ya pili, na mtu wa kumpokea siku hiyo. Ndiyo maana nasema tuanze na kliniki ambazo watu wazima hurudi kwa ratiba: CTC (kliniki za huduma na tiba ya VVU), kifua kikuu, kisukari na shinikizo la damu, na kliniki ya mama na mtoto. Foleni ya wagonjwa wa nje tuiendee kwa njia nyingine.

Hesabu ambayo fomu haiisemi

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayopuuzwa zaidi. Katika utafiti wa mwanzo wa PHQ-9, alama 10 iliwanasa asilimia 88 ya wenye sonona kamili, na iliwaacha salama asilimia 88 ya wasiokuwa nayo. Nambari hizo zinapendeza. Lakini chukua wagonjwa 1,000 wa nje, na tuseme 100 kati yao wana sonona kweli. Dodoso litawakamata 88 na kuwakosa 12. Katika wale 900 waliobaki, asilimia 12, yaani watu 108, watapata alama ya kutosha kuitwa wagonjwa ilhali si wagonjwa. Jumla watu 196 wataambiwa wana tatizo, na zaidi ya nusu yao hawana.

Sasa badilisha kundi. Tuseme tuko katika kliniki ambayo wagonjwa 300 kati ya 1,000 wana sonona. Maswali ni yale yale, alama ni ile ile. Watanaswa 264 wenye ugonjwa na 84 wasio nao. Safari hii watu watatu kati ya kila wanne walionaswa ni wagonjwa kweli. Chekeche halikubadilika, kilichobadilika ni nafaka iliyomiminwa ndani yake.

Hao watu 108 wa hesabu ya kwanza si takwimu za kupita. Mmoja amefiwa na mama yake mwezi uliopita. Mwingine hajalala vizuri kwa sababu mtoto anaumwa, na mwingine hana hakika ya chakula cha jioni. Wote watajibu kwa uaminifu kwamba hawalali, hawana hamu ya kula, wamechoka. Njaa haiponi kwa fluoxetine. Katika kituo chenye mhudumu mmoja na foleni hadi barazani, hatari ni kwamba alama 10 itageuzwa moja kwa moja kuwa kidonge. Huenda kikawa diazepam, ambayo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaonya isitumike kutibu sonona, au amitriptyline, ambayo ni ya bei nafuu lakini huweza kuua kwa kuvuruga moyo mtu akimeza nyingi. Kumpelekea nyumbani pakiti nzima ya dawa hiyo mtu anayefikiria kufa, bila kumwuliza wala kumpangia siku ya kurudi, ni kumhatarisha kwa jina la huduma.

Nchi tajiri hazijakubaliana

Wapo wanaodhani suala hili lilikwisha kuamuliwa kwingine na sisi tunachelewa tu kunakili. Sivyo. Kikosi kazi cha huduma za kinga cha Marekani kilishauri mwaka 2016 watu wazima wote wapimwe sonona, na mwaka 2023 kikaongeza wasiwasi kwa walio na umri usiozidi miaka 64. Kanada, yenye madaktari wanaosoma majarida yale yale, ilishauri mwaka 2013 watu wazima wasiokuwa na dalili wasipimwe kwa utaratibu wa jumla, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa moja kwa moja kwamba upimaji peke yake unawaacha watu wakiwa na hali bora. Uingereza nayo haina mpango wa taifa wa kuwapima watu wazima wote.

Ukisoma kwa makini, tofauti yao ni ndogo kuliko inavyoonekana. Mwaka 2009 Wamarekani walikuwa wamesema upimaji ufanyike pale penye wahudumu wa kusaidia tiba na ufuatiliaji. Hata waliposema wote wapimwe, walisisitiza uwepo mfumo wa kuthibitisha ugonjwa, kutibu na kufuatilia. Kanuni hiyo ni kongwe. Mwaka 1968 Wilson na Jungner waliliandikia Shirika la Afya Duniani kitabu kilichoweka misingi kumi ya kupima watu maradhi. Kati ya misingi hiyo: tiba inayokubalika iwepo, mahali pa kuthibitishia na kutibia pawepo, na kazi iwe endelevu, isiwe zoezi la mara moja. Mistari hiyo inahusu kampeni zetu nyingi za siku moja, zile za mahema, fulana na kipaza sauti.

Goa na Harare zinatufundisha nini

Ushahidi unaotufaa zaidi haukutoka Marekani. Katika jimbo la Goa, India, Vikram Patel na wenzake walifanya jaribio kubwa la MANAS, lililochapishwa mwaka 2010. Wagonjwa wazima katika vituo 24 vya afya ya msingi walipimwa kwa dodoso fupi. Katika nusu ya vituo, walionaswa walikabidhiwa kwa mshauri ambaye si mtaalamu wa akili, aliyefunzwa kuelimisha, kufanya tiba ya mazungumzo na kuwafuatilia wasipotee, huku daktari akitoa dawa kwa waliozidiwa. Baada ya miezi sita, katika vituo vya serikali, asilimia 65.9 ya wagonjwa wenye mshauri walikuwa wamepona, dhidi ya asilimia 42.5 katika vituo visivyo na mshauri.

Lakini katika kliniki binafsi mpango huo haukuongeza chochote. Huko karibu theluthi mbili walipona, wenye mshauri na wasio naye. Nayasoma matokeo hayo hivi: mgonjwa wa kliniki binafsi mara nyingi alikuwa na daktari anayemjua, anayemrudia na anayempa muda. Alichokuwa nacho tayari ndicho mshauri alichokipeleka katika vituo vya serikali. Pande zote mbili wagonjwa walipimwa kwa dodoso lile lile, kwa hiyo nafuu haikutokana na dodoso. Ilitokana na mtu wa kumrudia.

Harare inasema hivyo hivyo kwa sauti ya karibu zaidi na yetu. Mradi wa Friendship Bench, ulioasisiwa na daktari wa akili Dixon Chibanda, uliwafunza wahudumu wa jamii, wengi wao kina mama watu wazima wanaoheshimika mitaani, kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki ya manispaa. Mgonjwa anaeleza matatizo yake yote, anachagua moja, na wanapanga pamoja hatua ndogo ya kulikabili kabla ya kukutana tena. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusisha wagonjwa 573 katika kliniki 24, waliochaguliwa kwa dodoso la Kishona la maswali 14. Baada ya miezi sita, asilimia 13.7 ya waliokaa benchini walikuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Watu wanne kati ya kila kumi katika jaribio hilo walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI. Mfumo huo umekwisha kuvuka mipaka na kufika Zanzibar.

Ongeza Pakistani, ambako mwaka 2008 Atif Rahman na wenzake walionyesha kwamba wahudumu wa jamii waliokuwa tayari wakiwatembelea wajawazito na wazazi wanaweza kuibeba tiba ya sonona ndani ya ziara zile zile. Miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 ya mama waliopata tiba hiyo walikuwa na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya wenzao. Hakukujengwa jengo jipya wala kuajiriwa daktari wa akili kila kijiji. Tiba iliwekwa juu ya njia ambayo miguu ya wahudumu ilikuwa imekwisha kuikanyaga.

Kwa nini kliniki za kurudi

Angalia sasa kile ambacho sonona inakidai. Dawa huanza kuleta nafuu baada ya wiki kadhaa, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka iendelee kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Tiba ya mazungumzo inahitaji vikao vinne, sita au zaidi. Fikra za kujidhuru zinahitaji kuulizwa upya kila mara. Ugonjwa wa namna hii hautibiki kwa mtu anayepita dirishani mara moja.

CTC zetu zimejenga kwa zaidi ya miaka 15 mambo hayo yote: faili linalotunzwa, kadi yenye tarehe, mnasihi, mwelimishaji rika, na utaratibu wa kuwatafuta watoro mpaka nyumbani. Mgonjwa anamjua muuguzi wake kwa jina. Kliniki za kifua kikuu zinamwona mgonjwa kwa miezi sita. Kliniki ya kisukari ina wagonjwa ambao, kwa tafiti za nchi nyingi, wana uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata sonona kuliko watu wengine. Na sonona haikai kando ya maradhi hayo. Aliyekata tamaa huacha vidonge, hukosa miadi, hunywa pombe zaidi. Tukimtibu moyo, tunaitibu pia sukari yake.

Kuna pingamizi la haki hapa, na silikwepi. Mgonjwa wa kifua kikuu amechoka na hana hamu ya kula kwa sababu ya kifua kikuu. Mwenye kisukari anaamka usiku kwenda haja ndogo. Maswali matatu kati ya tisa ya PHQ-9 yanaweza kupandishwa na ugonjwa wa mwili peke yake. Ndiyo sababu alama isimalize kazi. Muuguzi akiona 10 au zaidi, anaketi na mgonjwa mahali penye faragha na kuuliza: Hali hii ilianza lini? Kuna msiba, ugomvi, kipigo nyumbani? Bado unaweza kulima, kupika, kufungua duka? Unakunywa kiasi gani? Imewahi kutokea kinyume chake, siku nyingi za kutolala huku una nguvu na maneno mengi kupita kawaida? Swali hilo la mwisho ni la lazima kabla ya dawa ya sonona, kwani mwenye ugonjwa wa hisia mseto anaweza kuvurugika zaidi akipewa dawa hiyo peke yake. Mazungumzo hayo hayahitaji daktari bingwa. Yanahitaji muuguzi au tabibu aliyefunzwa na anayesimamiwa, na muda aliotengewa rasmi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wapo wasiorudi popote: vijana, na hasa wanaume, ambao huja kituoni wakiwa hoi na ndio wengi zaidi kati ya wanaokufa kwa kujiua. Ukianza na kliniki za miadi, hawa hawamo. Kwao sipendekezi fomu kwa kila mtu langoni. Napendekeza kile ambacho mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani unakielekeza: mhudumu aanze na dalili. Mtu aliyerudi tena na maumivu yasiyo na sababu, asiyelala, mwenye harufu ya pombe asubuhi, aliyetoka kupoteza kazi au mwenza, aulizwe maswali mawili ya kwanza ya dodoso. Akijibu ndiyo, apewe tarehe ya kurudi pale pale. Na asiporudi, afuatiliwe. Kenya ilizindua wahudumu wa jamii 100,000 mwaka 2023, na Tanzania ina wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kazi ya kumfuata mtoro wa sonona inafanana na ile ya kumfuata mtoro wa ARV.

Swali la tisa na sheria

Swali la tisa la PHQ-9 linataka mtu aseme kama katika wiki mbili zilizopita amefikiri ni afadhali afe au ajidhuru. Anayeuliza ni muuguzi ambaye huenda wanasali pamoja. Kuta za chumba hazifiki darini. Na nyuma yao kuna sheria. Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 chenye maudhui hayo kinapingana na Katiba.

Kufikiria kufa si kosa kisheria hata pale kujaribu kunapohesabiwa kosa, na kila mhudumu afundishwe tofauti hiyo ili amweleze mgonjwa kabla ya kumwuliza. Lakini hatuwezi kuwaomba watu ukweli kwa mkono mmoja na kushika pingu kwa mkono wa pili. Aliyenusurika kujiua ndiye mtu anayehitaji miadi ya kurudi kuliko mwingine yeyote, na hofu ya polisi inamfanya aseme alikunywa sumu kwa bahati mbaya. Nasimama na wote wanaotaka kosa hilo lifutwe katika eneo letu zima. Ni sehemu ya tiba.

Ninachokiomba

Kabla wizara haijachapisha fomu hata moja, kila kituo kitakachopima kionyeshe mambo manne kwa maandishi: nani atakayezungumza na mwenye alama ya juu, chumba gani chenye mlango unaofungwa, dawa gani ipo stoo kwa miezi kadhaa mfululizo, na nani wa kupigiwa simu siku hiyo hiyo mgonjwa akisema anataka kujiua. Kituo kisichokuwa navyo kisipime kwanza, kisaidiwe kuvipata. Tuchague kliniki chache katika wilaya, tuzifunze na kuzisimamia vizuri, halafu tupanuke.

Na tubadilishe kinachohesabiwa. Mipango mingi huripoti idadi ya waliopimwa, kwa sababu ndiyo nambari rahisi na kubwa. Dodoso hili hili linaweza kutupa nambari bora zaidi, kwani mgonjwa akiulizwa tena kila anaporudi, alama ikishuka kwa 5 au zaidi ni nafuu ya kweli anayoihisi mwenyewe. Mkaguzi akifika kituoni, aulize hivi: kati ya waliopata alama 10 mwezi Januari, wangapi mliwaona tena Februari, na alama zao zimeshuka kwa kiasi gani? Kituo kinachoweza kujibu kinatibu sonona, hata kama kimepima watu 50 tu. Kisichoweza kujibu kimewafanya watu wafungue mioyo yao mbele ya mgeni, kisha kikawaacha waende zao.